Mbigili Usiotaka Kubembelezwa

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo mama, na ninakuinamishia kichwa huku nilipo, uniwekee mkono unisomee kama unavyonisomea nikiwa mbele yako. Kifua kimepoa? Goti je, bado linakusumbua ukiinuka kwenye msala? Na ule mwasumini wa uwani umeanza kutoa, au mbuzi wa jirani keshaumaliza tena? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Faki mkweo mkono wake umepona na karudi kazini kwenye samaki. Mize kang'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Mie ni yuleyule wako, mdomo haujapungua hata kidogo.

Najua umekasirika. Najua umeamka na alfajiri ukakaanga visheti, ukatandika kile kitanda kidogo, ukakaa barazani kuitazama njia. Kisha ukamuona Ami Shaame anashuka garini peke yake, mkono mmoja begi, mkono mwengine bahasha. Mjukuu hakuna. Hakuugua, mama, na wala hakukosa ndege. Ni mie niliyemzuia, tena mlangoni, viatu keshavaa. Faki hakunituma na Ami wa watu hana kosa, usimnyime chai. Ukitaka mtu wa kumnunia, ni mie. Lakini soma kwanza mpaka mwisho, ndio uninunie.

Ami kasogeza safari yake siku chache ili nipate kuiandika hii, maana kwenye simu siwezi. Simu ni ya Salma, na mdogo wangu huyo hajui kushika simu bila kuiwekea sauti juu, Chokocho nzima ikasikia. Halafu mie nikiisikia sauti yako tu, kila kitu nasema ndio mama, ndio mama. Ndivyo nilivyokwambia ndio ya Mize. Kwa hivyo vaa miwani yako, funga mlango, usimpe mtu akusomee.

Hicho kilichoanguka ulipofungua bahasha si takataka, usikitupe. Ni ua. Shika polepole, lina miba. Huku wanalo jina lake la kizungu, ndani ya jina mna bahari, maana asili yake huota kwenye mchanga wa pwani. Sisi hapa nyumbani tunauita mbigili wa buluu, jina kautia Mize. Nimelikata msimu wa joto uliopita, nikalitundika kichwa chini jikoni, na mpaka leo rangi yake haijaondoka. Linuse. Umeona? Halinuki chochote. Nilipoliona mara ya kwanza nilisema, ua gani hili lisilonuka, huku watu wanapanda miba kwa makusudi!

Utanicheka, lakini nataka nikuhadithie habari za mbigili huu, kwa sababu ndio ulionifikisha kwenye hilo nililolifanya.

Nyumba yetu, unaijua kwa picha, ina kipande cha ardhi mbele, hakizidi ukumbi wako. Mwaka wa kwanza nilipanda mrihani, ukafa. Nikanunua mwasumini wa kopo, ukaishi dirishani kidogo, ukanitupia majani chini mpaka ukabaki vijiti. Nililia, wallahi. Nilikuwa nataka harufu tu, mama, nikifungua mlango nikutane na harufu ya mtu ninayemjua. Jirani yetu Bi Doroti akaniona nimekaa kizingitini na kopo langu. Ni bi kizee, mjane, nyumba yake na yetu ukuta mmoja, ana ulimi kama wako na anagombana na maua yake kutwa. Akaingia kwake, akatoka na vikopo vitatu vya miche midogo, majani yake ya mviringo, hayana hata mwiba. "Panda hii," kasema. "Hapa ni upepo na mchanga na chumvi. Hii ndiyo inayopataka."

Basi nikaipanda, na nikaitunza nilivyofunzwa. Weye uliniambia nini? Maji ya mchele hayamwagwi ovyo, maji ya samaki hayamwagwi ovyo, yote ni ya mwasumini. Nikawa kila nikiosha mchele natoka na bakuli mbio. Faki akileta samaki, nikishamuosha, maji yale shinani. Nikanunua na samadi ya kuku, nikaizungushia. Mibigili ikanawiri, mama! Ikapanda juu, majani mapana, laini, kijani kimekoza. Nikajisemea, ala, mkono wa mama huu. Nikaipiga picha nikamtumia Salma.

Kisha ikaanza kulala. Mmoja ukaegemea mwengine, wa tatu ukalala chini kabisa, na maua yakatoka kijani, hayana rangi, yamepooza. Paka wa mtaa mzima wakahamia kwangu kwa harufu ya samaki, wanachimba, wanapigana. Bi Doroti akaja kuangalia, akaziba pua. Akaingiza kidole kwenye udongo, akakitoa kimeloa, akanitazama.

"Unaulisha nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mie nikakasirika, nikamwambia kwetu ndivyo tunavyofanya, na asumini zetu harufu yake unaipata barabarani. Akasema, "Asumini zenu sizijui. Huu haushibi ukashukuru. Huu ukishiba unaoza. Uache na njaa yake, uteremke wenyewe chini kutafuta."

Aliponing'olea ule uliokufa nikaona. Mzizi wake ni mmoja tu, mrefu, umenyooka kwenda chini, mnene kama kidole gumba. Na ule wangu ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka. Maji nilikuwa nauletea juu kila siku, ukateremka kufuata nini?

Tukaanza upya. Tukaondoa udongo mzuri wote, nikauona ni wazimu, tukatia mchanga na kokoto. Jua lote, kivuli hapana. Maji wakati ungali mche tu, baadaye mvua inatosha. Samadi haram. Mkono uliniwasha, mama. Nilikuwa nikiosha mchele nasimama na bakuli mlangoni, nautazama, unanitazama, narudi nalo ndani.

Lakini msimu wa joto ulipokuja! Huku jua la msimu ule halitaki kuzama, unangoja Magharibi mtoto keshalala na nje bado kweupe. Nilikuwa nakaa kizingitini na chai yangu, sifanyi kitu. Buluu haianzi kwenye ua, inaanza kwenye shina. Leo unaona kama kivuli, kesho imepanda, inaingia kwenye miba, kisha ndio ua. Mpaka siku moja unafungua mlango na mmea mzima ni buluu, buluu ya ile nguo yako ya kutokea uliyokuwa ukiivaa nilipokuwa mdogo, na nyuki wamejaa. Hapo nakaa nikipotea. Nasikia pwaa la maji kwenye kokoto kwa mbali, nasema hii ni Fundo, kisiwani kwa bibi, sasa hivi ataniita nikachume mboga. Chai inapoa mkononi, na mie sipo.

Hapo ndipo niliporudi Fundo, mama, baada ya miaka yote hii. Nitafika huko.

Kwanza habari ya Mize. Unaikumbuka ile siku uliyomsalimia kwenye simu, "Hujambo mjukuu wangu?", na yeye akakujibu kizungu. Sote tulicheka. Weye hukucheka. Ukasema, "Ntoto anapotea huyo. Nletee nkae naye." Nami najua hilo si ombi la ajabu. Mjukuu wa kwanza kwa bibi, ndio mila yetu, nani kwetu hakulelewa na bibi yake? Faki kalelewa na bibi yake Wesha na mpaka leo akimtaja analengwa na machozi. Kasema, mpe mama mtoto, atajua dini, atajua lugha, atajua watu wake. Nisingeweza kukataa. Ukanambia Ami Shaame anarudi nyumbani kwa Idi kubwa, atapitia kwetu amchukue. Faki akanunua begi jekundu. Likawekwa ukumbini, na Mize kila akitoka pwani akalijaza kome na vijiwe.

Nikamuuliza Bi Doroti, kwa njia ya mzunguko, kama mbigili unahamishika. Maana nilitaka mtu aniambie hapana, nikutolee kisingizio. Akasema, "Ukiwa mdogo, ndio, uchukue na udongo wake na uende haraka. Ukishateremsha mzizi, hapana." Basi nikaona hata mmea umeshika upande wako. Mize ana miaka sita. Wakati wake ndio huu.

Nikauweka moyo sawa. Nikamfunza kukusalimia vizuri. Mbegu tulikuwa tumezipanda sote wawili kabla ya baridi, kwa sababu mbegu za mbigili huu usipozipitisha kwenye baridi haziamki. Lazima zilale nje kwenye theluji ndio zijue kuwa msimu umegeuka. Zilipochomoza, mie na fagio langu la asubuhi, unanijua, uwanja lazima ufagiwe kabla jua halijapanda, nikazifagia nusu yake pamoja na majani makavu. Mize alilia! Akaenda kwenye begi jekundu, akatoa kome zake zote, akazipanga duara kila mche uliobaki ukawa na nyumba yake. Akanambia, "Mama, hapa usifagie." Nikaliangalia begi lile, limebaki tupu.

Kabla ya hapo, wakati wa baridi, walikuja mafundi kutengeneza bomba. Bomba lapita chini ya ule mbigili mkubwa wa Bi Doroti, wa zamani, alioupanda yeye na marehemu mumewe. Alisimama na shali lake akawaangalia wanachimba. Wakautoa na donge kubwa la udongo, wakampandia upande wa pili, kwa adabu zote. Haukukaa. Mvua za mwanzo tu ukanyauka. Nikaenda kumpa pole kama kafiwa.

Msimu ulipogeuka, kama mwezi kabla ya Ami kuja, Bi Doroti akaniita juu ya ukuta. "Njoo uone." Pale pale pa zamani, walipofukia mafundi, pametoka jani dogo la mviringo, na jengine pembeni yake. Nikamuuliza, umepanda tena? Akasema hapana. Unapoung'oa, ule mzizi hukatika chini, kipande kinabaki. Hicho hakisahau. Kinakaa gizani msimu mzima, kisha kinaota.

Nilisimama pale nikachelewa kazini. Sijui kwa nini sikuweza kuondoka. Nilijua kuna kitu naambiwa, ila sikielewi.

Ijumaa ile Ami Shaame akaja. Kala, kanywa, kasifu mapishi. Begi mlangoni, Mize kavaa viatu vyake vipya, anaruka, anajua tunakwenda uwanja wa ndege sote kisha atapanda ndege na Ami. Lililobaki hakuna aliyemwambia. Ndipo akanishika gauni akauliza, "Mama, nikiamka kwa bibi utakuwepo?"

Ami ni mtu mwema, alitaka kunisaidia. Akaninong'oneza, "Usimlize. Tukifika pale mwambie unakwenda kununua maji. Mie ntakwenda naye polepole. Akija kutanabahi, tushapanda."

Mwambie unakwenda kununua maji.

Mama, nilikaa chini pale pale kwenye begi. Unajua kwa nini.

Nilikuwa na umri wake. Ulinivisha gauni la Idi na haikuwa Idi. Ulisema tunakwenda Fundo kumsalimu bibi, kafiwa na babu, yuko peke yake. Njia nzima toka Chokocho mpaka Wete nilikuwa mapajani mwako, ukaninunulia ubuyu. Tulilala kitanda kimoja, mie na weye. Nilipoamka upande wako ulikuwa baridi. Nikamuuliza bibi, mama yuko wapi, akasema, "Kaenda kisimani, kaenda kuteka maji."

Nilikwenda kisimani nikangoja. Wanawake wakaja wakateka wakaondoka, wakanipa kikombe ninywe. Nilingoja mpaka jua likawa kali, bibi akaja akanibeba. Kesho yake nikaenda tena.

Sikulaumu, na Mungu ndiye shahidi yangu. Bibi alinipenda, Allah amrehemu. Kila ninachokijua cha mikono yangu nimekijua kwake. Fundo nilicheka kuliko nilivyolia. Na siku uliyonirudisha nyumbani nimeshakuwa mwari, unakumbuka nilikuitaje? "Bi Asha." Nilikusalimia kwa jina kama mtu wa mtaa wa pili, kwa sababu "mama" halikutoka. Weye ukageuka ukaenda kuchochea kuni na moto ulikuwa unawaka vizuri. Mgongo wako ule nauona mpaka leo. Hatukuwahi kulizungumza, mie na weye, hata siku moja.

Nimekaa kwenye begi jekundu, Ami ananitazama, Faki ananitazama, Mize ananivuta gauni anangoja jibu. Ndipo lile jani la Bi Doroti likaniambia lililokuwa likiniambia. Miaka yote hii nimemfikiria mtoto aliyeng'olewa. Sikuwahi kulifikiria lile shimo. Sikuwahi kujiuliza weye ulirudi vipi Chokocho siku ile, mapajani hamna mtu, ukakaa vipi ndani ya nyumba ile, na ule ubuyu uliobaki uliufanya nini.

Mama, nisamehe nikikosea. Lakini Mize humjui, umemuona kwenye simu tu. Nadhani si Mize unayemtaka. Unanitaka mie. Unamtaka yule wa kisimani.

Mize sikupi. Nimeshaandika, na sitolifuta. Nilimjibu pale pale mbele ya Ami, "Nitakuwepo," na nimekusudia liwe kweli kila akiamka. Lakini hukosi kitu. Shule huku zinafungwa msimu wa joto, wiki nyingi, na ruhusa ya kazini nimeshapewa. Tunakuja mie na yeye. Tutakaa kwako, si kwa Salma, si hotelini kama ndugu zake Faki wanavyojitia uzungu. Yeye utamfunza hayo yote, sala na lugha na kuteua mchele, na akikujibu kizungu mfinye. Ila tukiondoka tutaondoka sote mchana kweupe, watu wanaona, na weye utatusindikiza. Mie nataka radhi yako tu. Bila hiyo mambo yangu hayatonyooka, nawe unajua.

Bi Doroti kaniahidi kuangalia miche yetu. Sikumwambia atie maji. Hilo ua nalo usilitie maji, na usiliweke karibu na asumini, litaona haya. Liegemeze dirishani, mbali kidogo na pale unapofungia kikuba chako cha asumini. Mize kasema akija atalikagua kama lingali buluu.

Nisalimie Salma, mdogo wangu, na umwambie apunguze sauti ya simu. Nisalimie shangazi mwenye mkono wa dawa, na mama yake Faki kule Wesha, nitampigia mwenyewe nimueleze kabla hajasikia kwa watu. Ami Shaame mpe visheti vya Mize, kaniombea msamaha kwako bila ya mimi kumuomba, najua. Na ukenda kuwazuru makaburini, msomee bibi Fatiha yangu.

Tukifika usitutandikie vitanda vitatu. Mize alale ubavu wako wa ukutani, mie nilale ubavu wa mlangoni. Najua siku hizi mna mfereji uwani. Lakini alfajiri ukiamka kwenda kuteka maji, hata ndoo moja, mama, niamshe twende sote.

Mwanao wa Fundo na wa Chokocho,

Riziki